Ng'ombe Aliyewekwa Makumbusho

Watu wakiniuliza makumbusho yetu yalianzaje, huwaomba waketi kwanza. Hadithi yenyewe ina ng'ombe ndani yake, na kwetu Karagwe habari ya ng'ombe haisimuliwi mtu akiwa amesimama mlangoni.

Makumbusho ni neno kubwa kwa tulichonacho, lakini nalitumia bila aibu. Ni ghala la zamani la kahawa kando ya barabara ya Igurwa, lenye mabati yaliyoshika kutu na sakafu ya saruji iliyopasuka. Jua likiwaka mchana, kuta bado hutoa harufu ya kahawa ya maganda, ingawa gunia la mwisho lilitoka humo miaka mingi iliyopita. Rafu zetu zilikuwa vitanda vya bweni. Juu yake kuna viota vya mnana, gamba la chatu, mawe, vipepeo waliochomwa pini, nyoka wawili ndani ya chupa za spiriti, na sanduku la senene, panzi wetu wa kuliwa, wa kila rangi. Sanduku hilo lina kufuli. Wageni hulitazama huku wakimeza mate, na kabla ya kufuli tuliwahi kukuta senene wa kahawia wamepungua bila maelezo.

Mimi ndiye mtunzaji. Nilifundisha baiolojia sekondari hadi nikastaafu, na sasa mali yangu ya kazi ni funguo, brashi ya kufutia vumbi, paketi za naftalini na mdomo. Mdomo ndio ulionisaidia zaidi.

Aliyeanzisha mkusanyo alikuwa mwalimu mwenzangu, mkubwa wangu kwa umri na kwa cheo, Mhaya wa Muleba aliyehamishiwa huku akiwa kijana na hakuomba kurudi kwao. Mtu yule alikuwa hawezi kupita penye kitu kilichokufa bila kuinama. Mifuko ya koti lake haikukosa mfupa, mbegu au bawa la mdudu, na mkewe alikuwa akiikagua kwa kijiti kabla ya kufua. Nilipoanza kazi, nikiwa mwalimu mpya mwenye viatu visivyozoea tope, alinichukua kuwa mkalimani wake. Kihaya chake na Kinyambo chetu ni ndugu, lakini kila alipofungua kinywa akina bibi walicheka kwanza ndipo wakajibu, naye alitaka majibu bila vicheko.

Jumamosi tulizunguka. Tulikwenda Rugu, tulikwenda Igurwa kwa ndani, tulikwenda Kyerwa kwenye machimbo ya bati, na safari moja tulifika hadi Murongo mpakani, ambako alikuwa amesikia kuna gamba la chatu limetundikwa katika kibanda cha fundi baiskeli. Gamba lilikuwepo kweli. Fundi alisema linaleta wateja, na mwalimu alikaa naye hadi jua likaanza kushuka kabla fundi hajamkubalia.

Alikuwa na utaratibu wake na hakuuvunja. Hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe, amebeba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kimezibwa kwa jani la mgomba. "Mkono mtupu haulambwi," aliniambia. Alikiweka kibuyu miguuni pa mwenye nyumba, akaeleza anachotaka na mahali kitakapokaa. Walikunywa, wakatafuna kahawa ya kuchemshwa tunayowapa wageni, kisha mwenye nyumba akaingia ndani na kutoka na kitu chenyewe. Wakati wa kuondoka alitusindikiza hadi mwisho wa migomba yake, na ni pale tu, penye mgomba wa mwisho, ndipo alipomkabidhi. Mwalimu alirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeozesha mwana. Alikata kadi, akaandika kwa mwandiko wake wa kulala: Zawadi kutoka Rugu. Zawadi kutoka Kyerwa. Rafu baada ya rafu ikajaa zawadi.

Sasa nieleze jambo ambalo yeye hakulijua, na mimi sikuliona ingawa nilikuwa nimelikalia.

Kwetu upande huu, mwenye ng'ombe hawafungi wote katika zizi moja. Mmoja humweka kwa rafiki ili amfugie. Anayetaka kuwekewa ndiye huenda kuomba. Huenda mwenyewe, na kibuyu cha rubisi, na hueleza ng'ombe atalala wapi na atachungwa na nani. Mwenye ng'ombe akiridhika, humsindikiza hadi mwisho wa migomba na kumkabidhi mnyama pale. Tangu siku hiyo maziwa ni ya anayefuga, na samadi pia ni yake, na mwenye migomba anajua kwamba samadi si jambo dogo. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe. Huja kumtazama apendapo. Akifa, ngozi na pembe hurudishwa kwake. Na anayefuga akitunza vizuri kwa miaka, siku moja hupewa ndama awe wake kabisa.

Kwa mwalimu, kibuyu kilikuwa adabu na shukrani, basi. Kwa wenyeji wake kilikuwa mkataba. Na mimi Mnyambo mzima nilikuwa wapi? Kwetu hatukuwa na ng'ombe. Baba alikuwa na migomba, kahawa na kiburi, na mambo ya kuwekeana mifugo tuliyasikia ng'ambo ya ua. Tena nani angedhani kwamba mtu anaweza kuweka kiota cha ndege kwa mwenzake, halafu akahesabu kwamba bado ni chake?

Ng'ombe ninayemsema alikuwa wa mjane mmoja wa Rugu, bibi wa Kilutheri mwenye mkongojo ambao hauhitaji; anautumia kuonyeshea watu makosa yao. Ng'ombe huyo alikuwa jike wa rangi tunayoiita bihogo, wekundu uliokolea hadi kukaribia weusi, na pembe zake zilikuwa pana kiasi kwamba akitaka kuingia zizini ilibidi ageuze kichwa upande kwanza. Watu walitoka vijiji vingine kuja kumwangalia, na bibi aliwapokea kwa majivuno ya mama wa bibi harusi. Ng'ombe alipokufa kwa uzee, mwalimu alisikia habari sokoni na hakutulia tena. Tulikwenda na kibuyu kikubwa kuliko vyote tulivyowahi kubeba.

"Atalala wapi?" bibi aliuliza.

Mwalimu akamwambia fuvu litakaa ukutani, juu, mbali na mvua.

"Peke yake?"

Mwalimu akamtajia wote waliokuwamo, kuanzia vipepeo.

"Nyoka wakae mbali naye," bibi akasema, na mwalimu akaahidi kwa moyo wote.

Pale penye mgomba wa mwisho, bibi alimkabidhi fuvu, kisha akamkabidhi na fimbo aliyokuwa akimchungia. Mwalimu aliona ni ukarimu uliozidi kipimo. Aliitundika fimbo chini ya fuvu na kuikatia kadi yake: Fimbo ya kuchungia, zawadi kutoka Rugu. Nyoka aliwahamishia rafu ya mwisho, na huko ndiko waliko mpaka leo.

Mwalimu hakuishi hadi kustaafu. Tulimzika kwao Muleba, katikati ya migomba ya baba yake, nami nililia kwa sauti mbele ya watu wasionijua na sikujali. Nilimpenda mzee yule. Alinifundisha kutazama, na kutazama ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Funguo zikabaki kwangu.

Ndipo nikaanza kuwatambua wageni wa aina fulani. Wageni wa kawaida huzunguka chumba, husoma kadi, huuliza kama nyoka wamekufa kweli. Hawa hawakuzunguka. Waliingia, wakaenda moja kwa moja kwenye kitu kimoja, wakakiangalia, wakaondoka. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kyerwa aliyechimba bati ujanani mwake. Kwenye rafu ya mawe tuna jiwe lake jeusi, dogo, zito kuliko unavyotarajia. Alikuwa akilinyanyua kwa mkono wa kulia, akalipima, akalirudisha, na kuniuliza, "Hajambo?"

"Hajambo," nilimjibu, nikidhani ni utani wa wazee.

Na bibi wa Rugu alikuja kila baada ya kuuza kahawa. Alinibebea mkungu wa ndizi, akaketi kwenye kiti changu, akainua macho ukutani.

"Ng'ombe wangu ana vumbi machoni."

"Bibi, hana macho."

"Ndiyo maana unamwonea."

Siku moja uvumilivu uliniishia. Nilikuwa na darasa zima la watoto wa msingi chumbani, mmoja amekwisha kuvunja mguu wa panzi, na bibi ananielekeza kwa mkongojo pembe ipi nianze kufuta. Nikamwambia kwa heshima, lakini si kwa heshima nyingi, kwamba fuvu lile ni mali ya makumbusho na kadi hiyo hapo inasema zawadi.

"Kadi iliandikwa na nani?"

"Na marehemu."

"Basi Mungu amrehemu," akasema. Alinyanyuka, akavuta benchi la watoto, akapanda juu yake, na kwa ncha ya kitenge chake akamfuta ng'ombe pua. Watoto walishangilia. Mimi nilishika benchi asije akaanguka, kwa sababu hasira si sababu ya kuvunja nyonga ya mtu.

Mwaka juzi ikaja simu kutoka Bukoba. Aliyepiga alikuwa afisa, mwanamke kijana mwenye sauti ya utulivu. Aliniambia kuna jengo jipya la makumbusho karibu na ziwa, lenye kuta zisizovuja na taa zisizozimika, na kwamba mikusanyo midogo ya wilayani itakusanywa huko ihifadhiwe pamoja. Yetu ingekuwa ya kwanza. Atakuja mwenyewe na gari.

Nilikasirika hadi nikaunguza ndizi jikoni. Nilitaka vitu vile vibaki hapa, na sikutaka kubishana na mtu kuhusu hilo. Mtoto wa Igurwa anayekuja kwa miguu na kalamu yake hawezi kwenda Bukoba kutazama kiota kilichoanguka kutoka mti wa shule yake. Hicho ndicho nilichowaambia watu. Kingine sikuwaambia: vikiondoka, mimi nitabaki mwanamke mwenye funguo za ghala tupu, na kazi yote ya yule mzee wa Muleba itakuwa imepita mikononi mwangu kama maji.

Lakini niseme nini? Karatasi zilikuwa njiani, na ukweli ni kwamba mvua za masika zilikuwa zinaingia kwa pembe moja ya bati nikiwa nimetega ndoo.

Afisa alifika na fuso, masanduku, na vipande vya sponji. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akaninyima nafasi. Alipiga goti kidogo akaniamkia shikamoo, akavaa glovu, akamwinua kipepeo wa kwanza kwa namna ambayo marehemu angeipenda. Alisoma kadi moja baada ya nyingine.

"Zawadi, zawadi, zawadi," alisema. "Vizuri sana, mama. Vitu vya zawadi havina matata. Makumbusho ndiyo mwenyewe, na makumbusho yakihama, navyo vinahama."

Nilimsaidia kufunga. Mikono yangu ilifanya kazi na moyo wangu haukuwemo. Tulikuwa tumemaliza rafu ya vipepeo na kuanza mawe tuliposikia pikipiki inazima nje. Bibi wa Rugu alishuka kwa upande, helmeti ya dereva ikiwa bado kichwani, na nyuma ya pikipiki nyingine alikuwepo yule mzee wa Kyerwa, vumbi limempaka hadi kope. Habari hapa haihitaji gazeti.

"Nasikia ng'ombe wangu anasafirishwa," bibi alisema.

"Shikamoo, bibi," afisa akamwamkia. "Ng'ombe yupi?"

Bibi akaonyesha ukutani kwa mkongojo. Afisa akaenda, akasoma kadi, akarudi na uso wa huruma. "Bibi, hapa pameandikwa zawadi."

"Wewe mwanangu ni Mhaya?"

"Ndiyo, bibi."

"Naye alikuwa Mhaya." Akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe ni wa hapa, tena ulikuwepo. Alikuja mwenyewe au alituma mtu?"

"Alikuja mwenyewe."

"Mikono mitupu?"

"Alikuwa na kibuyu."

"Nilimkabidhi wapi?"

"Mwisho wa migomba."

"Nilimkabidhi na nini?"

Nikatazama chini ya fuvu. Ilikuwa pale pale alipoitundika. "Na fimbo," nikasema.

"Sasa niambie. Nani humpa mtu zawadi ya ng'ombe, halafu akampa na fimbo ya kumchungia?"

Niliketi juu ya sanduku. Nilimwona mzee wa Kyerwa akipima jiwe lake mkononi, akiuliza hajambo. Nilimwona fundi wa Murongo, ambaye miaka yote ile alikuwa akipita kila aletapo nduguze hospitali, akalishika gamba la chatu kwa vidole viwili. Nilimwona marehemu akikata kadi zake kwa furaha. Hawa watu hawakuwa wakinitania. Walikuwa wanakuja kukagua mali yao, na walikuwa wameniona mimi kuwa mfugaji mzembe kidogo lakini anayevumilika. Nilitaka kucheka na nilitaka marehemu awepo nimcheke yeye.

Lakini wote walikuwa wananingoja, na nilijua nikisema neno lile nitakuwa nimesema nini. Nikisema zawadi, vitu vinakwenda Bukoba vikiwa salama, vyote pamoja. Nikisema vimewekwa, vinabaki, lakini si vyangu tena wala si vya ghala, na mwenyewe yeyote anaweza kuja kesho akachukua chake.

"Si zawadi," nikamwambia afisa. "Viliwekwa."

"Vyote?"

"Vyote alivyovibebea kibuyu. Na alivibebea vyote, isipokuwa wale wawili wa serikali."

Alichuchumaa mbele yangu, glovu bado mikononi. "Mama, unaelewa unachosema? Leo unanizuia mimi. Kesho utamzuia nani?"

"Naelewa," nikasema, na nilisema kwa sauti ya darasani, ile isiyoruhusu mkono kunyanyuliwa.

Akanitazama kidogo, akamtazama bibi, akacheka kwa pua. "Babu yangu naye alikuwa na ng'ombe kwa watu," akasema. "Siwezi kubeba ng'ombe wa mtu." Akaanza kufungua vipepeo mwenyewe, mmoja mmoja, akiwarudisha rafuni. Wanyama wawili tu waliokaushwa waliondoka siku ile, nzohe, yule swala wa kwenye mafunjo, na korongo taji, kwa sababu walitoka idara ya wanyamapori kwa kibali, na nyara za serikali hazina bibi wa kuzitetea. Fuso liliondoka na nzohe amefungwa sponji hadi shingoni. Nililipungia mkono. Nilikuwa na furaha isiyo na aibu.

Mzee wa Kyerwa alingoja hadi vumbi la fuso likatulia.

"Basi, mwalimu," alisema, "na mimi nimekuja kuchukua jiwe langu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza kwa upole kwamba wajukuu wake hawaamini kuwa aliwahi kuchimba bati, na anataka walishike wakiwa bado wanamwona. Maneno niliyoyasema mwenyewe yalikuwa bado yananing'inia darini. Nililichukua jiwe, nikamsindikiza hadi mwisho wa uwanja, penye migomba ya jirani, nikamkabidhi pale kama inavyotakiwa. Aliniambia asante kwa kulitunza. Nilirudi ndani, na kwenye rafu palikuwa na duara safi lisilo na vumbi mahali jiwe lilipokuwa. Niliketi nikalitazama duara lile, na ile furaha yangu ya asubuhi ilikuwa imekwisha kabisa.

Baada yake akaja wa pili, akachukua kibuyu cha kale chenye umbo la bata. Kisha wa tatu. Wote walikuwa na adabu, na wote nilikwenda nao hadi penye migomba. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo barabarani ilinifanya niweke brashi chini. Mwenye fuvu la ng'ombe alikuwa bado hajaja, na nilijua lile likitoka ukutani, hakuna mtoto atakayeingia tena kutazama mawe. Fuvu ndilo wanaloliona kwanza kutoka mlangoni. Nilianza kulifuta kila asubuhi kabla ya kitu kingine, pembe zote mbili, paji la uso, na pua. Nililifuta kwa hofu, lakini nililifuta.

Msimu wa kahawa ukapita. Watu walianika, wakakoboa, wakauza, na bibi hakuja. Nilipoanza kujidanganya kwamba hatakuja, pikipiki ikazima nje. Alikuwa amepakata kiroba kikubwa, na dereva alikuwa ameshika kamba.

Nilipoiona kamba, nilijua amekuja kumchukua. Nikajikaza. Nilimwamkia, nikamletea kiti, nikamletea kahawa ya kutafuna, na hakuna alichokitazama katika hivyo. Alivuta benchi la watoto. Alipanda, akapitisha kidole juu ya paji la uso la ng'ombe, akakiangalia kidole.

"Ametunzwa," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Mwalimu, miaka yote hii hujawahi kudai ndama."

"Bibi, ndama gani? Fuvu linazaa?"

"Alizaa kabla." Alishuka, akakaa, akafungua kiroba magotini. Ndani kulikuwa na fuvu jingine, jeupe zaidi, dogo kidogo, pembe moja ikiwa imeshuka kuliko mwenzake. "Huyu ndiye kitinda mimba wake. Amekufa wakati wa mvua. Ni wako."

Nikauliza kama nimpokee kwa niaba ya makumbusho.

"Nimesema makumbusho?" Alinigongea mkongojo sakafuni. "Ni wako wewe. Umenifugia ng'ombe wangu, na siku walipotaka kumchukua ulisema kweli. Mfugaji hupewa ndama."

"Na mama yake?"

"Mama yake kafanya nini? Si yuko hapo?"

"Niliona kamba, bibi."

"Mawe!" akasema, ndiyo mama wee ya kwetu. Akamtazama dereva, akanitazama mimi. "Kamba ni ya kufungia kiroba. Ulitaka nimdondoshe njiani?"

Nililia, na safari hii nililia mbele ya dereva wa bodaboda. Bibi aliniacha nilie, kisha akaomba ile kahawa yake.

Kesho yake nilitoa kadi zote za marehemu. Nilizifunga kwa uzi na kuziweka mahali pa heshima, kwa sababu kosa lake ndilo lililojaza ghala. Nikakata nyingine: Kimewekwa na familia ya Igurwa. Limewekwa na fundi wa Murongo. Palipokuwa na jiwe la bati, ambalo halijarudi hadi leo, niliweka kadi inayosema limechukuliwa na mwenyewe. Watoto husimama pale muda mrefu kuliko walivyosimama kwa jiwe. Na tangu kadi zilipobadilika, wanaokuja kuchukua wamekuwa wachache kuliko wanaokuja kuweka. Mlango wangu umegongwa na watu wa Rugu na Kyerwa ambao sikuwajua, na wote huniuliza kama nitakwenda kwao mwenyewe. Nakwenda. Rubisi napika mwenyewe. Kadi moja tu chumbani iliandikwa zawadi, nayo ilikuwa chini ya ndama wangu.

Ndipo afisa wa Bukoba akapiga simu tena. Jengo limefunguliwa, nzohe na korongo wako peke yao katika ukumbi mpana, na anaona haya. Akaniuliza kama nina kitu chochote, hata kimoja, ambacho ni changu kweli.

Nilifikiri nikitazama ukutani. "Ninacho," nikamwambia. "Njoo mwenyewe."

"Na kibuyu, mama?"

"Na kibuyu. Lakini sasa unajua maana yake."

"Najua, mama."

Alikuja. Rubisi yake ilikuwa tamu mno, nikamwambia Wahaya hawajui kungoja kitu kiive, naye akanijibu kwamba Wanyambo hungoja hadi kiwe siki. Nilimuuliza ndama atalala wapi na atakuwa na nani. Tulikunywa. Nilimsindikiza hadi mwisho wa migomba yangu, nikamkabidhi fuvu, na fimbo niliyoikata kwenye mti wa kahawa wangu mwenyewe.

Nilimwachia muda, kisha nikapanda basi kwenda Bukoba na mkungu wa ndizi. Afisa hakuwepo siku hiyo. Ukumbi ni mzuri, sitasema uongo. Ndama wangu yuko ukutani, mwanga unamwangukia vizuri, fimbo chini yake, na kadi inasema amewekwa kutoka Karagwe. Lakini puani alikuwa na vumbi. Nilivuta kiti cha mlinzi, nikapanda, nikachukua ncha ya kitenge changu.

Mlinzi akaja mbio. "Mama! Mama, shuka! Vitu vya makumbusho haviguswi!"

"Si cha makumbusho," nikamwambia, nikiendelea kufuta. "Huyu ni ng'ombe wangu."